Kuku wa Buluu kwenye Bafta ya Makka

Sofu, Kibaha
9 Juni 2024

Mke wangu mpenzi Bibi Tatu,

Shikamoo. Natumaini hujambo, jicho halijazidi, na lile sufuria la kunde liliokoka. Sisi huku wazima. Mama anakusalimia sana, anasema binti yako hajakusahau, ni magoti tu yanayomkataza safari. Mdogo wangu Firdausi ameanza kazi kwenye duka la dawa pale Maili Moja, sasa anatushauri kila mtu anywe maji.

Samahani kwa kukuandikia barua wakati una simu. Unajua nimeifungia yangu kabatini mwaka mzima. Stellamaris, yule dada anayeratibu maonyesho yetu, anasema msanii anayepapasa kioo cha simu hawezi tena kuuona mwanga. Kwa hiyo Bilali ndiye atakuwa posta yetu, kila Jumatatu akileta mihogo yenu sokoni.

Nimekuja na shukrani. Tangu nitoke kwako sijalala vizuri kwa furaha. Bibi, ile kamera nimeijenga kwa miezi kumi na moja kwa mikono yangu. Mbao nimechana mwenyewe, bati nimekunja mwenyewe, na lenzi nimeitoa kwenye mashine ya lile gari la sinema lililokufa zamani. Hakuna nyingine kama hiyo Mkoa wa Pwani mzima. Jirani yako Mwinyimadi alisema imezidi choo chake kwa urefu, na mimi nilichukua kama sifa. Simu inapiga picha kwa kufumba na kufumbua, ndiyo maana picha zake hazina heshima. Wewe ulikaa mbele ya Jicho Kuu, ndivyo nilivyoiita, kwa saa moja na nusu. Huo ndio tunaouita mchakato.

Jambo dogo la mwisho. Ile karatasi yangu maalumu ililiwa na mbuzi wa Mwinyimadi asubuhi ileile, wewe ulikuwa jikoni na sikutaka kukusumbua. Nikafungua sanduku lako la chumbani, nikaazima kile kitambaa cheupe kilichokunjwa chini kabisa. Kimenifaa sana. Kitarudi.

Mumeo,
Latifu


Maneromango
30 Juni 2024

YAH: KITAMBAA CHEUPE

Kwa mume wangu Latifu,

Marahaba. Mwalimu wetu wa kisomo mwaka sabini na tatu alitufundisha kwamba barua isiyo na Yah ni porojo, ndiyo maana nimeanza hivyo. Utaniwia radhi kwa mistari kupanda mlima. Naandika kwa kukisia, jicho la kulia limeshafunga duka na la kushoto linafuata. Za kwako ananisomea Atupele, yule nesi niliyempangisha chumba cha uani. Ni Mnyakyusa lakini anasoma vizuri.

Sisi wazima. Mihogo imekubali, mafenesi yamezidi mpaka tunagawa kwa lazima. Kuku mweupe wa Mwinyimadi, aliyekuja kulalia chini ya kiti changu cha barazani bila kuniomba, ameangua vifaranga tisa. Mwenyewe anasema kiti changu kina baraka. Nimemwambia achukue kuku na baraka zake.

Sasa hilo la Yah. Latifu, hicho ulichokiita kitambaa ni bafta. Babu yako Said alizileta mbili kutoka Makka mwaka tisini na nne, yake na yangu. Alizilowesha Zamzam, akazianika huko huko, na akafunga uzi wa kijani kwenye pembe ili zisije zikachanganyika na za mahujaji wenzake. Yake tulimvisha mwaka elfu mbili na tisa. Yangu imekaa chini ya sanduku miaka thelathini ikisubiri zamu. Ni sanda yangu, mume wangu. Ulidhani bibi mzee anaficha nini chini ya sanduku, pazia la harusi?

Nisingekuwa na haraka, maana sijawa na haraka ya kuivaa. Lakini madaktari wa macho wanakuja hospitali ya wilaya Septemba tarehe kumi na tisa, na jina langu limo. Wakiondoka hawarudi mpaka mwakani. Atupele anasema ni jicho tu, nusu saa. Mimi nasema jicho limeungana na mimi nzima. Silali chini ya kisu cha mtu na sanduku langu tupu. Bafta ikirudi nakwenda. Isiporudi nitakaa na giza langu hapa barazani, na wewe ndiye utakayekuja kunishika mkono kwenda chooni.

Mkeo,
Tatu binti Pazi


Sofu, Kibaha
21 Julai 2024

Mke wangu Bibi Tatu,

Shikamoo. Barua yako imefika pamoja na mafenesi mawili, Mama amefurahi na jirani pia, harufu imewafikia. Firdausi ametuma dawa ya matone, anasema haiponyi ila inafariji.

Kuhusu kitambaa, ondoa shaka. Kiko salama, kimetundikwa mahali pasipo jua. Kimepata rangi kidogo tu.

Sasa nikueleze habari ya picha, maana utaipenda. Ile dawa niliyopaka inatengenezwa kwa chumvi ya chuma, na inachekesha: kilicho cheupe inakigeuza buluu, kilicho cheusi inakiacha. Yule kuku wa Mwinyimadi, kwa kuwa alikuwa analalia na hakutikisika saa moja na nusu, ametoka buluu iliyokoza, unyoya kwa unyoya, mpaka kope. Kiti kimetoka vizuri. Wewe uliinuka mara nne kuangalia kunde, mara mbili kumfukuza mbuzi, na mara moja ulikwenda kumpa mtu chumvi, sikukuona ukirudi mpaka mwisho. Kwa hiyo umetoka kama moshi.

Mwanzo nilinyong'onyea. Stellamaris akaja kuiangalia, akazunguka kamera mara tatu, akapima mbao kwa shubiri, akaniuliza misumari mingapi. Nikamwambia mia nne na kumi na mbili. Akafumba macho. Akasema moshi ni kumbukumbu na kuku ni uzazi wa taifa. Ameshaandika maelezo ya kurasa tatu, kurasa mbili na nusu ni za kamera. Kuna mgeni wa makumbusho ya nje atakayekuja kuiona, na akiipenda itasafiri. Bibi, hii ndiyo nafasi yangu. Nina miaka thelathini na mbili na bado napiga picha za vitambulisho vya watoto wa shule. Nikikosa hii narudi huko moja kwa moja.

Pole na jicho. Usiache kwenda hospitali kwa sababu ya mambo madogo.

Mumeo,
Latifu


Maneromango
11 Agosti 2024

YAH: HESABU

Kwa mume wangu Latifu,

Marahaba. Tunashukuru kwa matone, yamemfariji Atupele, mimi yananiwasha. Tumezika huku mara mbili mwezi huu, mzee mmoja wa Kanisani na mama mmoja wa kwetu. Wote wawili walikuwa na vitu vyao tayari. Nilikaa pale msibani nikawaonea wivu, na nimejiona mjinga kuwaonea wivu maiti.

Nimekuwekea hesabu hii, nijibu. Karatasi ililiwa na mbuzi. Picha imetoka. Picha haitoki hewani. Imekaa juu ya nini?

Macho yamezeeka, Latifu, akili bado naitumia. Atupele alipofika kwenye hayo maneno ya rangi kidogo aliacha kusoma, nikamwambia endelea mwanangu, nimeshamfahamu mume wangu. Umemchora kuku kwenye sanda yangu. Si kuku wangu hata, kuku wa Mwinyimadi. Kila nikiwafikiria malaika Munkari na Nakiri wanakuja kuniuliza kaburini, wanakuta kuku wa buluu ananitangulia kujibu, nashindwa kucheka na nashindwa kulia.

Na Mwinyimadi amesikia, maana Bilali hana kifua. Anatembea kijijini akisema kuku wake anakwenda Ulaya. Ameacha kumchinja. Wale tisa anawaita watoto wa msanii.

Hiyo habari ya nafasi yako nimeisikia, na inaniuma, usidhani haiumi. Mimi ndiye niliyekununulia kamera ya kwanza kwa korosho, mama yako akiwa hataki. Lakini ungeniomba, Latifu. Ungesema Bibi, nipe bafta yako ya Makka nipige kuku, ningekupa kofi moja na shuka la kitandani, picha ingetoka vilevile.

Zimebaki wiki tano. Rudisha ilivyo. Na rangi yake.

Mkeo,
Tatu binti Pazi


Sofu, Kibaha
8 Septemba 2024

Mke wangu Bibi Tatu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na mwenye furaha. Huku wote wazima, Mama anakuombea kila sala.

Bilali anakuletea kitambaa chako. Kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimefungwa kwenye gazeti. Rangi imetoka yote. Kiweke sandukuni, moyo utulie, uende hospitali tarehe kumi na tisa bila wasiwasi.

Maonyesho yatakuwa Jumamosi tarehe tano Oktoba, kwenye ukumbi wa sherehe pale Maili Moja. Wewe usisumbuke kuja, jicho litakuwa bado na bandeji na vumbi la barabara ya Maneromango tunalijua.

Sina mengi.

Mumeo,
Latifu


Maneromango
29 Septemba 2024

YAH: JICHO

Kwa Latifu,

Nilikwenda. Walinipa sindano, nikasikia wanaongea mambo ya mpira juu ya kichwa changu, mara wakasema Bibi tayari. Kesho yake wakafungua. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa uso wa Atupele. Miaka miwili amekaa nyumbani kwangu na sikujua kwamba ni mzuri hivyo.

Nilirudi nikaangalia kila kitu. Nimeona buibui kwenye dari, nimeona sufuria zangu zilivyo chafu, nimeona aibu. Nikafungua sanduku.

Latifu, bafta ya Makka ina mhuri wa kiwanda wa wino mwekundu? Inanukia gundi ya dukani? Na uzi wa babu yako nimeutafuta pembe zote nne kwa jicho jipya mpaka likatoa machozi, na daktari alikataza machozi.

Ulijua sioni. Ulihesabu kwamba sioni, ukaniletea kitambaa cha Maili Moja ukaniambia ndicho. Nimelala kwenye kitanda cha hospitali nikimwambia Mungu niko tayari, vitu vyangu viko sandukuni, kumbe naapa juu ya uongo wako. Kuku nilikuwa nimeanza kukusamehe. Hili sijui.

Sikuandika mume wangu hapo juu na Atupele ameona.

Nasikia maonyesho ni Jumamosi.

Tatu binti Pazi


Sofu, Kibaha
13 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Mama anaumwa kichwa tangu Jumamosi ile. Firdausi mzima.

Sijui nianzie wapi. Labda nianze na ukumbi, ili uone mimi nilivyoona. Usiku wa kuamkia maonyesho kulikuwa na harusi, tukakuta viti vimevaa mashela na ukutani kumeandikwa jina la bwana na bibi harusi kwa maua. Stellamaris akasema tuyaache, yanaleta mazungumzo. Kamera tuliiweka katikati, tukaizungushia kamba. Picha tuliitundika nyuma, karibu na mlango wa choo, maana kamera ilimaliza nafasi.

Watu walijaa, wengine walikuja na magari kutoka Dar. Nilisimama kwenye kamba nikijibu maswali. Ina uzito gani. Nilijenga kwa siku ngapi. Kweli situmii simu? Jamaa mmoja aliomba kuingia ndani ya kamera, akakaa humo robo saa, akatoka analia. Yule mgeni wa makumbusho alinipiga picha kumi na nane nimeshika msumeno. Sikumbuki mtu aliyeuliza habari ya picha, isipokuwa waliokuwa wanakwenda chooni.

Nilikuwa nimeshika risala naanza kusoma, ndipo ukaingia na Bilali, una miwani nyeusi na kanga ya kijani. Ulipita kamera kama unapita nguzo ya umeme. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye bafta, ukaishika pembe, ukauona uzi, ukasema kwa sauti ya kawaida tu, "Hii ni sanda yangu."

Nilitaka kuja, nikasikia Stellamaris ananinong'oneza, "Usimzuie, acha mchakato uendelee." Na wewe ukaanza kuchomoa pini moja moja, unampa Bilali, naye anaziweka mdomoni. Ukakunja mara mbili, mara nne, ukaiweka kwapani, ukamwuliza yule mgeni kama hapa maji ya kunywa yanapatikana. Ndipo watu wakapiga makofi. Walisimama, Bibi. Wewe ulidhani wanakucheka, nilikuona ulivyokunja uso. Hawakukucheka. Walidhani tumepanga.

Kitabu cha wageni kimejaa wewe. Mgeni ameandika kwamba hajawahi kuona kazi yenye ujasiri kama hiyo. Picha hana haja nayo tena, anataka kile kitendo. Stellamaris anaomba urudie Dar mwezi wa Desemba, kwa bafta nyingine, na kama inawezekana useme yale maneno taratibu zaidi.

Nimekuandikia kwa sababu nimeahidi nitakuuliza. Nimekuuliza.

Walivyokuwa wanapiga makofi nilitaka nije nikusaidie kukunja. Risala ilikuwa mkononi, nikashindwa pa kuiweka. Tangu siku hiyo nikifumba macho naona vile ulivyokuwa unachomoa pini peke yako.

Latifu


Maneromango
3 Novemba 2024

YAH: KUMALIZA MAMBO

Kwa mume wangu Latifu,

Nimeandika mume wangu, kwa hiyo pumua.

Huku wazima. Vifaranga tisa wamebaki sita, mwewe hajui sanaa. Mwinyimadi ana huzuni kwamba kuku wake hatasafiri, nimempa fenesi.

Mwambie huyo Stellamaris hapana. Mtu anadai sanda yake mara moja tu. Na mwambie nilipita kamera yako bila kuiangalia kwa sababu niliiangalia mwezi wa sita saa moja na nusu na haikuniona.

Sasa habari ya bafta. Nilimpelekea Shehe Badru, nikaitandaza kwenye mkeka wake. Akatazama, akavua miwani akaifuta, akatazama tena. Akasema, Bi Tatu, huyu kuku ana sura na ana macho, mtoe. Nikamwuliza na huu moshi? Akasema huu hauna uso, hauna neno, ukiweza ufue na usipoweza uache.

Nimemsugua yule kuku siku tatu kwa maji ya majivu. Kwanza alififia mkia, halafu mabawa, jicho ndilo lililokaa mwisho, likiniangalia. Siku ya tatu ametoka. Kiti nacho kimetoka. Nikahamia pale kwenye moshi, nikachota majivu, nikaweka mkono. Nikaona jinsi bega linavyoinama. Latifu, vile ndivyo ninavyoinama? Hapo nilikuwa nasimama kwenda kuangalia kunde nilizokupikia wewe. Mkono ukagoma. Nikaisuuza, nikaianika kivulini, moshi umebaki, buluu ya mbali, kama maji ya kusuuzia nguo. Ukiniuliza kama ile kamera yako inafanya kazi, nitakwambia inafanya, ila si kwa yale unayoyasemea ukumbini.

Unalotaka kuniambia halijafika kwenye barua hata moja kati ya zako nne. Nimezisoma zote upya mwenyewe, kwa jicho langu. Usiliandike. Njoo ulisemee hapa barazani nikiwa nakuona.

Na utoe simu kabatini. Nataka picha ya kawaida, ya kufumba na kufumbua, nimekaa na Atupele, uso uonekane. Sura yangu sijaiona vizuri miaka sita na la kushoto linafanyiwa mwakani. Sitaki misumari.

Ile bafta ya Maili Moja uliyoniletea sikuitupa. Nimeifua mpaka mhuri umetoka, nimeikunja, nimeiweka sandukuni pembeni ya yangu, na pembeni nimeshona jina lako. Ni ya kwako. Mume na mke kila mtu awe na yake.

Ukija, sanduku usiguse.

Mkeo,
Tatu binti Pazi